Kimya cha Mwende

Wanaume wa Likoni wana kesi moja ambayo hawajaimaliza tangu nilipokuwa msichana mwenye magoti yaliyojaa makovu, na kesi hiyo ni mimi. Mimi na Mwende. Hubishana kama timu yetu ya mpira wa vikapu ilipata au ilipoteza pale iliponipeleka mimi Changamwe na kumleta yeye Likoni. Nimewasikia wakibishana harusini, nimewasikia kwenye foleni ya feri, na mwezi uliopita nikawasikia matangani, sahani za pilau mapajani, na aliyefanya biashara ile yuko kaburini na udongo haujakauka. Marehemu ni Mzee Athmani, mwenyekiti wetu wa miaka hiyo. Nilikwenda kumpa mkono wa pole mjane wake, nikakaa ndani na wanawake wenzangu kwenye mkeka, Mwende ubavuni kwangu akiwa amekunja miguu yake mirefu kwa taabu. Dirisha lilikuwa wazi. Barazani Fundi Kombo akasema, "Nyinyi semeni mtakavyo, ile ilikuwa biashara ya heri," na Kocha Charo akamjibu, "Heri kwa nani?" Nikalirudisha tonge sahanini. Nikasema moyoni, haya, kama wao hawachoki kulisimulia jambo hili, na mimi nitalisimulia, na safari hii litasimuliwa na mali yenyewe.

Ya ukoo wangu, kwamba wazazi walitoka wapi na Likoni walifuata nini, nimeyaacha makusudi. Kitabu kikijaa mababu mwenyewe hukosa pa kukaa. Itoshe kwamba nyumbani tulikuwa watu wa kanisa, jirani zetu wa kulia na kushoto walikuwa watu wa msikiti, na mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, sina mchumba, na nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokijua vizuri kuliko watu wengi: kuudunda mpira kwa mikono yote miwili bila kuutazama. Uwanja wetu ulikuwa Shika Adabu. Tuliujenga wenyewe, wanaume wakikoroga saruji na sisi wasichana tukileta maji kwa ndoo, na pete ya upande wa barabarani ilipinda kidogo kwa sababu aliyeichomelea alikuwa na haraka. Wageni walitukana pete ile. Sisi tuliijua kama mtu anavyolijua jiko lake lililolegea mguu, tulijua ni wapi pa kuugonga mpira ukaingia. Mimi nilikuwa gadi, ndiye mwenye kuutoa mpira nyuma na kuupandisha, nikaamua aupate nani. Kwengineko kote nilikuwa binti wa fulani au dada yake fulani. Pale watu wazima waliniita kwa jina langu na kuniuliza, "Kadzo, leo tuchezeje?"

Baada ya mazoezi tulikwenda kwa Fundi Kombo. Alikuwa mshonaji, mtu mnene mwenye futi ya kupimia shingoni kama tasbihi, na ndiye aliyekuwa mweka vitu wa timu. Mbele palikuwa na cherehani mbili na kioo, katikati pazia, nyuma chumba chenye benchi, gunia la mipira na ubao wa Kocha Charo. Kocha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alitufundisha vikapu kama anayefundisha hesabu, chaki masikioni. Chumba kile kilinuka mafuta ya cherehani na mahamri, kwa sababu mkewe Fundi aliyapika uani na moshi wote uliingia kwetu. Tulikula mahamri na mbaazi za nazi kwenye sinia moja, waliofunga mitandio na tusiofunga, tukigombania vipande vilivyovimba zaidi. Siku hizi nimekula mezani kwa watu wakubwa, kwenye vitambaa vyeupe, na sijapata kushiba kama nilivyoshiba nikiwa nimechuchumaa pale na jasho limenikaukia mgongoni.

Siku niliyosikia habari yangu nilikuwa nyuma ya pazia hilo. Fundi alikuwa anashona fulana mpya za kijani, na yangu ilinipwaya, akanipiga pini kila upande akaniambia nisitikisike mpaka arudi. Akatoka mbele. Akaingia Kocha, akaingia Mzee Athmani na mkongojo wake, nikamsikia akivuta kiti, na Fundi alikuwa amekwisha nisahau, wenzake hawakujua kama nipo. Mzee Athmani alikuwa mtu wa heshima. Kanzu yake haikuwa na kunyanzi, sauti yake haikupanda, na mtaa mzima ulimpelekea kesi za mipaka na za wake. Akikuita "Kadzo," ulijibu "Abee" hata kama ulikuwa umelala. Sasa nikamsikia akisema, "Haya Kombo, lieleze lile neno la Changamwe."

"Neno ni hili, Mzee," alisema Fundi. "Wao wana binti mmoja, Mwende. Akisimama chini ya pete, akiinua mkono, kamaliza. Sisi hatuna mtu pale. Twarusha, mpira warudi, wachukuliwa na wenzetu. Kila mechi hivyo hivyo. Wao nao wana warefu watupu. Mpira ukifika mikononi mwao kabla ya nusu ya uwanja wauona kaa la moto. Hawana wa kuupandisha. Wamtaka Kadzo."

"Wamtaka Kadzo," alisema Kocha Charo. "Hata mimi namtaka Kadzo."

"Yakhe, sikiza. Sisi tuna mchuzi, wali hatuna. Wao wana wali, mchuzi hawana. Watu wakipeana wali na mchuzi, nani kala hasara?"

"Wewe," alisema Kocha. "Umetoa mchuzi wote, umeleta wali mkavu, watoto wala nini? Huyo Mwende akisimama chini ya pete, mpira atampelekea nani? Wewe na cherehani yako? Urefu mtu hupewa na Mungu, keshokutwa aweza kutokea mwingine mrefu hapa hapa Shika Adabu. Lakini yule mtoto nimemfundisha tangu hajui mkono wa kushoto una kazi gani."

"Wadogo wako wengi. Wafundishe."

"Wafundishwa kwa mwezi, eti? Wallahi Kombo, wewe wajua kupima viuno tu."

Ningeapa kwamba Kocha hakuwa na haki ya kusema wallahi, maana alikuwa mzee wa kanisa letu, lakini akibishana na Fundi alisahau dini. Wakaendelea. Nawaambia kweli, walibishana vizuri. Walipima kila kitu: nani atachoka kipindi cha pili, nani atavuta watu kuja kutazama, timu ipi itamaliza juu ya ipi. Mzee Athmani akauliza maswali ya busara, mojamoja, na kwa kila swali nilihisi pini zikinichoma kwa sababu nilikuwa nimeanza kupumua kwa nguvu. Mwisho akasema, "Basi mimi naona ina heri kwa pande zote mbili." Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na sijapata kuizika. Pande zote mbili. Nilikuwa hatua chache kutoka walipoketi, nina masikio na ulimi, na hakuna aliyehesabu kwamba mimi nami ni upande.

Mkutano wa makabidhiano ulifanywa chumba kile kile, Jumapili moja baada ya ibada. Mkewe Fundi alitandika kitambaa cha maua, akaleta chai ya iliki na mahamri kwenye sahani za kioo ambazo sisi wachezaji hatukuwahi kuziona. Kutoka Changamwe alikuja mwenyekiti wao, Bwana Mbugua, karani wa bohari, mtu mchangamfu mwenye kalamu nyingi mfukoni. Akamleta Mwende. Ndiyo mara ya kwanza kumtazama karibu. Alikuwa mrefu kweli, aliinama kupita mlangoni na hakuinuka tena, akakaa kwenye benchi mkabala nami na macho yake ameyaweka kwenye vidole vyake vya miguu. Wazazi wake walishuka kutoka bara, Ukambani, na yeye alizaliwa huko akaletwa Changamwe mkubwa mkubwa. Hakugusa chai.

Mzee Athmani alifungua kwa dua. Kisha akamgeukia Mwende, kwa upole, maana alikuwa mgeni. "Mwanangu Mwende. Sisi twataka uje kwetu, ucheze na wenzako hawa, nasi tutakutunza kama binti yetu. Wasemaje?"

Mwende alinyamaza. Mzee akangoja kidogo, akauliza mara ya pili. Mwende akainamisha kichwa zaidi, mpaka nikaona mistari ya msuko wa nywele zake. Mzee akatabasamu, akatutazama sote. "Kimya ni radhi," alisema. "Alhamdulillahi."

Kwa asiyekulia pwani, maneno hayo yataka maelezo. Katika nyumba za jirani zetu, binti mwari akiposwa, huendewa akaulizwa kama ameridhia. Hategemewi aseme. Aibu humzuia, na kimya chake huhesabiwa kuwa ndiyo. Nimehudhuria ndoa hizo nikiwa mtoto, nikiwa nimebanwa mlangoni kati ya mabuibui, nikamwona binti kanyamaza na vigelegele vikapigwa papo hapo. Kanisani kwetu ni kinyume. Mchungaji hakubali kimya, hutaka "ndiyo" ya kusikika mpaka mlango wa nyuma, na mwenye sauti ndogo huambiwa arudie. Lakini sote wa Likoni, wa msikiti na wa kanisa, tulikuwa tumekula chumvi moja, na "kimya ni radhi" tulilijua kama tunavyojua jina la mtaa. Kwa hiyo hata mimi nilipomtazama Mwende nilisema, amekubali huyu. Amekitaka kiti changu.

"Kadzo," aliita Mzee Athmani.

"Abee."

"Nawe mwanangu, wasemaje?"

"Sitaki," nilisema.

Mkewe Fundi alikuwa amesimama na birika, akaliweka chini. Bwana Mbugua akacheka kidogo, akidhani ni mzaha wa pwani. Mzee Athmani hakukasirika, na laiti angekasirika. Akaniambia kwa sauti ile ile ya kunyooshea kanzu, "Mwanangu, mwenzio amekwisha ridhia. Yeye akija hapa nawe ukabaki hapa, Changamwe wabaki na nini? Itakuwa tumewala. Wataka Likoni iitwe mji wa walaji?" Nikasema, na abaki kwao basi, nani kamwita. Fundi Kombo akasema hayo si maneno ya kumwambia mgeni. Nikamtazama Kocha Charo, aliyenipigania muda wote ule nikiwa nyuma ya pazia, naye akaitazama chaki yake. Kwa wakubwa mambo yalikuwa yamekwisha. Nikaelezwa kwamba nisipokwenda Changamwe sitacheza kokote, jina langu limekwisha hamishwa. Nilitoka nje bila kuaga, mama yangu akaniteta juma zima kwa utovu ule wa adabu, na mpaka leo siuombei radhi.

Nikaenda, kwa sababu kutocheza kulinishinda. Kila siku ya mazoezi nilivuka feri, nikapita kisiwani, nikaingia Changamwe kwenye uwanja ulio nyuma ya mabohari, vumbi la malori limeugeuza mpira rangi. Nilikwenda nimejiandaa kuwachukia, wakaniharibia mpango. Wasichana wale walikuwa wema. Waliongea Kiswahili cha kukatakata chenye maneno ya Nairobi ambayo sikuyajua, wakanicheka ninapomwamkia mama muuza chai "shikamoo," kisha na wao wakaanza kumwamkia. Tulikula chapati na madondo kwenye kibanda cha mabati, tumebanana benchi moja na wapakiaji mizigo. Niliupandisha mpira, wale warefu wakaupokea, na timu ikaanza kushinda. Likoni nao, nilisikia, walikuwa wanashinda, kwa sababu Mwende alikuwa anaiokota ile mirusho yote iliyokuwa ikipotea. Fundi Kombo alitembea mtaani kama aliyeoa. Nami kila tuliposhinda nilirudi nyumbani nimenuna, mama akaniuliza kama tumefungwa.

Feri mbili hupishana katikati ya maji, moja ikitoka Likoni na moja ikija. Mimi nilikuwa ninavuka kwenda, Mwende alikuwa anavuka kuja. Nilikiona kichwa chake juu ya vichwa vya watu, kimeinama vile vile, naye bila shaka aliniona nimesimama mbele kabisa kwenye vyuma, maana nilijipanga hapo makusudi aone jinsi ninavyomkazia macho. Tulikwenda hivyo mpaka mvua za masika zikaja zikaisha. Jioni moja feri yake iliharibika, watu wakajaa upande wa kisiwani wakingoja, nami nikashuka kwenye yangu nikamkuta uso kwa uso penye muuza viazi karai. Alikuwa ameshika karatasi ya viazi na hakujua afanye nini na ukwaju. Nikamwambia, umwagie juu. Akaumwagia. Nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba neno hilo muda mrefu na sikuweza tena, "Kiti changu chakaliwa vizuri?"

"Kiti gani?"

"Cha Likoni. Si ulikitaka? Uliulizwa mbele ya watu ukakubali."

"Mimi?" Mwende aliinua kichwa, mara ya kwanza, nikaona ana macho makubwa na kwamba amekasirika kama mimi. "Mimi sikusema kitu."

"Ndiyo. Ulinyamaza."

"Sasa nikinyamaza si nimekataa?"

Nikamtazama. Muuza viazi naye akaacha kugeuza viazi akamtazama.

"Kwetu wakubwa wakikuuliza kitu na hutaki, huwezi waambia sitaki," alisema. "Hiyo ni matusi. Unanyamaza. Wanauliza tena, unanyamaza, wanajua huyu amekataa, wanakuacha. Mimi nilinyamaza mara mbili. Yule mzee akacheka akasema alhamdulillahi. Nikashangaa, hawa watu wa pwani ni watu gani, unawakatalia wanashukuru Mungu."

Nilicheka mpaka nikashikilia meza ya watu. Kisha nikalia, si kwa huzuni, kwa ghadhabu. Msichana huyu alikuwa amewakatalia kwa nguvu zote alizofundishwa kuwa nazo, mara mbili, kwenye chumba kile kile nilichokataa mimi kwa mdomo wangu. Walikuwa wamepata "sitaki" mbili, moja ya sauti na moja ya kimya. Ya kimya ikaitwa ndiyo, na ya sauti ikaitwa utovu wa adabu. Sasa walitaka tukatae kwa lugha gani? Nikamweleza Mwende habari ya mwari na vigelegele. Alisikiliza akitafuna, akanyonya ukwaju vidoleni, akasema, "Kwa hivyo mimi niliolewa na Likoni."

"Uliolewa, bibi."

"Na talaka huwa inatolewa namna gani?"

Tuliipanga pale pale, mbele ya muuza viazi, ambaye baadaye alijigamba mjini kote kwamba alikuwa shahidi.

Mechi ya Likoni na Changamwe iliwekwa Kisauni, kwenye uwanja wa shule moja upande wa Ziwa la Ng'ombe, ili pasiwe na mwenyeji. Tulipewa darasa moja timu mbili kubadilishia nguo. Madawati yakasukumwa ukutani, na katikati wasichana wakafunga leso mbili kwenye kamba, huku nyekundu za Changamwe, kule kijani za Likoni. Nikavua fulana yangu nyekundu nikairusha juu ya leso. Ikarudi ya kijani, ina joto la mwili wa mwingine. Nikainama nikapita chini ya leso kwenda kwetu, na Mwende akaja kwao, tukagongana mabega tukipishana. Wenzangu wa Changamwe waliona, wa Likoni waliona. Mmoja alikuwa anafunga kamba za viatu, akasimama kidogo, akaendelea kufunga. Fulana ya Mwende ilinifika magotini kama dera, na yangu yeye ilimwishia juu ya kitovu, akawa anaivuta chini kila mara.

Tulitoka tukapanga mistari. Watu walikuwa wamejaa ukutani na juu ya matawi ya mkorosho. Kelele zikapungua taratibu, upande mmoja kwanza, kisha upande wa pili, mpaka ikasikika redio ya dukani. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya shule pembeni: Mzee Athmani, Bwana Mbugua, Fundi Kombo na futi yake, Kocha Charo. Wakatutazama. Nikajizuia nisitazame chini. Nilimwona Fundi akiisoma fulana aliyoishona kwa mkono wake ikiwa juu ya mtu mwingine, mdomo wazi. Hakuna aliyesema. Refa, mama mmoja aliyeogopa jua, akapita kati yetu akihesabu, akasema, "Watano huku, watano huku. Mimi nachezesha," akatia kipenga mdomoni. Ndipo Mzee Athmani alipoinuka.

"Kadzo."

"Abee."

"Nani kawapa radhi?"

"Nyinyi, Mzee," nilisema. "Tumetoka mbele yenu na nguo hizi. Tumesimama, mmetutazama kwa kituo. Mwenye kukataa alikuwa na nafasi. Hamkusema neno. Kimya ni radhi."

Akina mama wa ukutani ndio walioanza. Kigelegele kimoja, kirefu, cha harusi hasa, kisha vingine vikakifuata, na watu wakacheka mpaka mkorosho ukatikisika. Bwana Mbugua alikuwa anauliza huku na huku, "Amesema nini? Amesema nini?" Fundi Kombo akaanza, "Lakini Mzee," na Mzee Athmani akamwinulia mkono. Alisimama pale juani, kanzu nyeupe, akinitazama. Kisha akamtazama Mwende kwa muda mrefu zaidi, na nadhani hapo ndipo alipofahamu, kwa sababu midomo yake ilitikisika kama mtu anayehesabu upya. Akaketi.

Tulifungwa. Nayasema haya kwa sababu Fundi Kombo huyasema kila mara na sitaki mtu adhani nayaficha. Tulifungwa vibaya, na aliyetufunga ni Mwende, fulana imempanda mpaka mbavuni. Kila nilichokipandisha mimi kilirushwa, kikarudi, akakidaka yeye. Mchuzi mtupu, bila punje ya wali. Baada ya hapo tulifungiwa tusicheze, yeye na mimi, tukazitazama mechi zilizobaki tumekaa ukutani na karatasi ya viazi kati yetu, na msimu uliofuata kila mtu akacheza kwao. Timu hizo mbili hazikushinda tena kama zilivyoshinda miezi ile tulipobadilishwa. Basi kesi iko wazi, husema Fundi. Biashara ilikuwa nzuri. Na mimi namkubalia, Fundi, sikia nakukubalia kwa maandishi: biashara ilikuwa nzuri, ilifaa timu zote mbili, hesabu zako zilikuwa sawa na Kocha alikosea. Ningekataa tena. Ningekataa hata mara mbili, kwa sababu mtu ana haki ya kukataa hata jambo zuri, na mkate hautiwi mtu mdomoni kwa nguvu eti ni mtamu. Hilo ndilo nililojifunza mwaka ule, na nimelitumia kwa waajiri, kwa wachungaji na kwa mume, na wote waliniona mkaidi.

Kuhusu Mzee Athmani nitasema moja. Tangu siku ile, kila alipouliza mtu neno mkutanini, alingoja. Kama mtu alinyamaza, aliuliza, "Kimya chako ni cha wapi?" Watu wapya walidhani ni utani wake wa uzeeni. Aliniuliza hivyo hata mimi, miaka mingi baadaye, nilipokwenda kumjulia hali na nikakaa kitandani kwake bila la kusema kwa jinsi alivyokonda. Nikamjibu, "Cha huzuni, Mzee," akanipigapiga mkono.

Kwa hiyo siku ile ya matanga, Fundi Kombo alipoinuka barazani akaja mlangoni kwa wanawake, akabisha hodi, nilijua anafuata nini. Amekonda, lakini bado ana futi shingoni. "Kadzo, Mwende," alisema. "Marehemu ametangulia, nasi tu njiani. Hebu mtumalizie. Tukubaliane leo kwamba biashara ile ilikuwa heri kwa pande zote mbili, tuizike na kesi ya Mzee. Mwasemaje?"

Nilikuwa nimefungua mdomo. Mwende akaniwekea mkono gotini, ule mkono mrefu, akaubonyeza. Nikafunga mdomo. Chumba kizima kikatulia, mjane akatutazama, na nje Kocha Charo akaacha kutafuna. Mwende aliinamisha kichwa, akayaweka macho yake kwenye vidole vyake vya miguu kama siku ile. Fundi Kombo akangoja, akauliza mara ya pili. Kisha uso wake ukaanza kuchanua.

"Haya," alisema, "kimya ni—"

"Fundi," alisema Mwende, bila kuinua kichwa. "Mimi ndio nimenyamaza. Uliza ni kimya cha wapi."